Wanaopima Mbio Zetu Watuulize Kwanza



Sisi watu wa Bagamoyo si wageni wa utafiti. Hapa mjini pana kituo cha Taasisi ya Afya Ifakara, na kati ya mwaka 2009 na 2014 watoto wa Bagamoyo na wenzao wa Korogwe walikuwa miongoni mwa watoto 15,459 wa nchi saba za Afrika walioshiriki majaribio ya chanjo ya malaria iitwayo RTS,S. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itumike. Katika kazi ya namna ile mzazi huelezwa kwanza, akauliza anayotaka kuuliza, ndipo akakubali au akakataa. Kwa hiyo mtu akija na daftari lake hatumkimbii.

Lakini utafiti wa michezo na mwendo wa mwili tunauona jambo dogo. Hakuna sindano, hakuna damu, basi nani ajisumbue kuuliza? Mwanafunzi anapewa dodoso, anajaza, anarudi darasani, na habari inaishia hapo. Mimi hapo nina neno.

Tazameni hesabu moja inayotajwa sana. Kwa takwimu za mwaka 2016 kutoka nchi 146, asilimia 81 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 wanaosoma shule hawafikishi dakika 60 za kuushughulisha mwili kwa siku. Wavulana ni asilimia 78, wasichana 85. Hesabu hizo zimetokana na kuwauliza wanafunzi wenyewe. Sasa mwulize binti wa Dunda au Magomeni kama jana alifanya mazoezi. Atakwambia hapana. Huyo huyo amebeba ndoo ya lita 20, yaani kilo 20 za maji, amefagia uwanja, ametwanga, amekwenda shule na kurudi kwa miguu, kisha akaja madrasa. Akibahatika, amecheza rede kidogo kabla ya magharibi. Sisemi kwamba wasichana wetu wanacheza vya kutosha. Hawachezi. Nasema dodoso linamsikia yule tu anayeyaelewa maneno yake kama aliyeyaandika.

Hata swali likiwa zuri, inafaa tujue ni la nani. Mwaka 1986 wataalamu walichapisha utafiti juu ya wanawake wa Kenya, Wajaluo wabebao mizigo kichwani na Wakikuyu wabebao kwa mkanda wa kipaji cha uso. Waliwatembeza juu ya mashine huku wakipima hewa wanayovuta, wakakuta kwamba mzigo usiozidi sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili hauwaongezei gharama ya nguvu. Ni elimu ya ajabu, na heshima kwa mama zetu. Ila swali lilikuwa la wataalamu: anawezaje? Mbebaji mwenyewe angepewa nafasi, nadhani angeuliza: shingo yangu itakuwaje baada ya miaka ishirini?

Sasa niwapeleke mbali kidogo, Minneapolis, Marekani. Katika mtaa wa Cedar-Riverside wanaishi Wasomali wengi na watu wengine wa Afrika Mashariki. Mabinti zao walipenda mpira wa kikapu, lakini hijabu zilikuwa zikilegea na nguo ndefu zikiwatatiza miguuni. Walimu wa Chuo Kikuu cha Minnesota wanaosomesha elimu ya mwendo wa mwili, pamoja na wale wa ubunifu wa mavazi, wangeweza kuandika kitabu kwamba wasichana wa Kiislamu hawapendi michezo, wakapandishwa vyeo. Badala yake waliketi na mabinti na wazee wao, wasichana wakaeleza yanayowasumbua, wakachora wenyewe mavazi wanayoyataka. Mwaka 2015 sare hizo zilionyeshwa hadharani, mwili umesitirika na mguu una nafasi ya kukimbia. Utafiti ulitoa maandishi, ulitoa na nguo ya kuvaa.

Turudi ufukweni kwetu. Jioni maji yakipwa, mchanga wote ni wa wavulana na mpira wao. Dada zao wako wapi? Wepesi wa kujibu husema ni dini. Hao nawakumbusha kisa tulichokisoma darasani, cha Mtume (S.A.W.) kushindana mbio na Bibi Aisha. Na hata kanuni za michezo zimelegezwa: wakuu wa sheria za soka waliruhusu kitambaa cha kichwa mwaka 2014, na wa mpira wa kikapu mwaka 2017. Basi huenda kikwazo ni uwanja usio na ukuta. Huenda ni saa, kwa kuwa baina ya alasiri na magharibi binti yuko jikoni. Huenda ni viatu. Jibu analo yeye, na halimo katika visanduku vya ndiyo na hapana.

Najua mtu atasema, watoto wanajua nini juu ya sayansi? Kupima mapigo ya moyo hawajui, kweli. Lakini wanajua njia ipi wanazomewa wakipita na mpira. Kibali cha utafiti huonyesha kwamba mgeni ameruhusiwa kuuliza. Hakionyeshi kama anauliza linalotuhusu. Kwa hiyo akija tumwulize na sisi. Maswali haya umeyatunga na nani? Mtoto akikataa, licha ya mzazi wake kukubali, utamwacha? Majibu utatuletea lini, kwa Kiswahili, na utayasoma wapi?

Darasa la wasichana wakubwa laweza kuanza hata kabla hajaja. Kwa wiki moja kila mmoja aandike katika daftari alichobeba, alikotembea, alichocheza na kwa muda gani, na siku ambayo hakucheza aandike kilichomzuia. Daftari hilo likae kwa mwalimu. Mtafiti ajaye apewe alisome kabla hajagawa dodoso lake.