Bedsita ya Mita 20: Nani Atalipia Stima Yako?

Kama umeandikwa na unapata thao 30 kwa mwezi, kuna 450 inatoka kwa payslip kabla hata uione. Hiyo ni ile ada ya nyumba, asilimia 1.5 ya mshahara wako. Boss naye anaongeza 450 ingine juu. Tumepiga kelele mtandaoni, kesi zimeenda kortini, lakini tangu sheria ya nyumba za bei nafuu isainiwe Machi 2024, doo inaendelea kukatwa. Sasa hebu tujiulize: hiyo ganji yetu inajenga keja ya aina gani?

Jibu fupi ni ndogo. Studio za serikali ni mita mraba 20, yaani chumba cha kama mita 4 kwa 5. Pale Mukuru, ambapo funguo za nyumba 1,080 za kwanza zilitolewa Mei 2025, studio kama hiyo inalipiwa karibu 3,900 kwa mwezi, polepole hadi iwe yako. Wasee walicheka, wakaiita kabati. Lakini tuambiane ukweli, mtu wangu. Wewe unayesoma hii ukiwa Zimmerman ama Pipeline, ushawahi kupima yako? Hapa Nairobi tulianza maisha ya nyumba ndogo (si ile unafikiria) kabla Wazungu wa YouTube wagundue kwamba kitanda kinaweza kukunjwa ukutani.

Kwa hivyo mimi sina shida na udogo. Shida yangu ni kwamba keja ndogo ikichorwa vibaya, aliyejenga anaokoa pesa mara moja, halafu wewe unalipa kila mwezi kwa tokeni.

Chukua shawa ya moto. Landi anaipenda kwa sababu ni rahisi kuweka: unafunga hiyo kitu ukutani, unavuta waya, kwisha. Nyingi zinakula kama kilowati 5. Ukioga dakika 10, umechoma karibu uniti 0.8. Kwa mwezi hiyo ni uniti 25. Na unajua ile bei ya chini kabisa ya Kenya Power inaishia uniti 30 kwa mwezi. Maana yake, mtu mmoja akioga tu, hajachaji simu, hajawasha TV, ashakaribia kutolewa kwa bei ya watu wa chini. Mkiwa wawili, sahauni.

Sasa linganisha na ndoo. Lita 10 za maji kutoka baridi hadi moto wa kuoga zinataka kama uniti 0.23. Kwa mwezi, uniti 7. Yaani maji ya mathe kule ushago na ndoo yake yalikuwa yanabeba joto chini ya theluthi ya lako, na hakuwahi kuitwa mtaalamu wa mazingira. Taa, kwa upande mwingine, tunazisingizia. Balbu ya LED ya wati 9 ikiwaka masaa 12 kila siku kwa sababu chumba ni giza, inakula kama uniti 3 kwa mwezi. Si kitu. Kuishi gizani mchana ni noma kwa akili yako, lakini si hapo tokeni inaenda.

Basi keja ndogo ya maana ingekuwa na maji yanayopashwa na jua juu ya paa, sindio? Ndio, kama nyumba ina ghorofa mbili tatu. Kwa ploti ya ghorofa nane yenye vyumba mia, paa ni ileile moja, na tayari iko na matangi na nguo za watu. Hesabu haikubali. Ukisikia mtu anauza ghorofa refu kwa jina la sola, muulize paneli zitakaa wapi.

Kitu ambacho kingesaidia na hakigharimu karibu chochote ni kugeuza jengo. Nairobi iko karibu sana na ikweta. Jua la katikati ya mchana linapiga paa, la asubuhi linapiga ukuta wa mashariki, na la jioni, lile kali, linapiga magharibi. Madirisha yakiangalia kaskazini na kusini, unapata mwanga bila kuchomeka. Ongeza tundu la hewa juu ya mlango ili upepo uingie huku utokee kule. Kwa baridi yetu ya Nairobi hiyo inatosha, feni unaacha dukani. Mombasa ni story tofauti: kule bila upepo wa kupita utalala umelowa, hata dirisha likiwa kubwa namna gani.

Lakini hivyo sivyo ploti zinajengwa. Zinajengwa kufuata umbo la shamba, ukuta kwa ukuta na jirani, mlango unafungukia korido ya giza, dirisha moja linaangalia dirisha la mwingine. Enda Pipeline saa sita mchana uone taa zimewaka.

Halafu kuna hii fasheni ya kontena. Kila wiki lazima upate video ya keja ya kontena, rangi nyeusi, mmea kando ya mlango, na mtu anakuambia hii ndiyo suluhu ya vijana. Kontena dogo la futi 20 lina kama mita mraba 15 ukipima kwa nje. Ni dogo kuliko ile studio ya Mukuru tuliyoicheka. Na ni chuma: mchana inakuwa oveni, usiku inatoa jasho. Ili ukae ndani lazima uivalishe kitu cha kuzuia joto, na hicho kinakula nafasi. Ndani, upana ni kama mita 2.35. Ukitoa unene wa pande zote mbili unabaki na kama mita 2.2. Weka kitanda chako cha tano kwa sita kwa upana, utabaki na nafasi ya kupita ubavu. Na ile rangi nyeusi, please, ni ya Instagram. Paka nyeupe.

Zaidi ya hayo, kontena halikupi shamba. Bado utanunua ploti, utavuta maji, utachimba shimo la choo. Video huishia kabla hapo.

Kwa wanaotaka kujenga haraka kwa vipande vya kiwandani, mimi ningeangalia paneli za EPS kwanza. Hiyo ni foam katikati, wavu wa chuma pande zote mbili, kisha plasta. Shirika la Nyumba la Taifa lina kiwanda chake Mavoko. Ni nyepesi, inapanda chap, na ile foam ndiyo inazuia joto, kwa hivyo hulipii mara mbili. Ubaya ni fundi. Wengi wamezoea mawe ya Ndarugu, na ukimpa paneli mtu asiyeijua atakuharibia.

Ila vipande vya kiwandani peke yake havijatuliza mtu popote. Tokyo walijenga mnara wa Nakagin mwaka 1972, vyumba 140 kama masanduku, kila kimoja mita mraba 10 hivi. Mpango ulikuwa kila baada ya miaka 25 unang'oa sanduku zee unaweka jipya. Hakuna hata moja lililowahi kubadilishwa. Mwaka 2022 wakabomoa. Kwenye mchoro kila kitu kilikuwa fiti, lakini nani angelipa kubadilisha? Hilo lilibaki hewani miaka 50.

Na sisi tunajenga kwa maelfu sasa hivi, na pesa ya payslip. Kwa hivyo ukiitwa kuona studio yako kupitia Boma Yangu, ama hata bedsita ya landi wa kawaida, usiende asubuhi. Asubuhi kila keja iko poa. Enda saa kumi jioni, siku ya jua. Uliza maji ya moto yanatoka wapi na mita ni ya nani. Angalia kama kuna tundu lolote juu ya mlango. Halafu weka mkono kwa ukuta wa magharibi, uuache hapo kidogo.