Kifua cha Shabiki Kinauzwa kwa Nani?

Klabu ya soka ya Shabana FC ilianzishwa Kisii, Kenya, mwaka 1980 na mfanyabiashara Dogo Khan, aliyeipa jina la duka lake la vifaa vya ujenzi. Timu ilishuka daraja mwaka 2006 na kurejea ligi kuu mwaka 2023. Miaka 17 hiyo ingetosha kuzika jina lolote la biashara. Hili halikuzikwa. Mashabiki walilibeba kutoka Suneka hadi Keroka bila kulipwa, na timu ilipopanda, Uwanja wa Gusii ulifurika na kelele za mashabiki za “Tore Bobe” zikarudi.

Mshawishi wa mitandaoni hawezi kazi hiyo ya kulibeba jina. Simlaumu, anatafuta riziki. Lakini leo anasifu sabuni, kesho simu, na mtazamaji anajua kalipwa. Shabiki yeye amejilipia jezi, nauli na tiketi, ndiyo maana jirani yake humwamini.

Kampuni za kamari zililiona hilo mapema kuliko wafanyabiashara wetu, zikaingia kwenye jezi. Mei 2025 Bodi ya Kudhibiti Kamari ilipiga marufuku watu mashuhuri na washawishi kutangaza kamari, na ilifanya vyema. Ila kijana wa Nyamira aliyevaa jezi yenye jina la kampuni ya kamari si mtu mashuhuri. Anatangaza bure, tena kwa wenzake wanaomwamini kuliko nyota yeyote wa Nairobi. Agizo limemfunga mdomo anayelipwa na kumwacha asiyejua kuwa ametumwa.

Viongozi wa klabu watauliza: mishahara na safari zitalipwa na nini? Swali la haki. Matajiri wa Gusii si wa kutegemewa; hukumbuka jukwaa la wageni mashuhuri zaidi kura zinapokaribia. Hata hivyo, nchi hii ya chai, ndizi na vinyago vya Tabaka haikosi cha kutangaza. Kiwanda kimoja cha chai au chama kimoja cha akiba na mikopo hakitaumudu mzigo huo. Vikichanga pamoja, pengine. Navyo vijue kwamba shabiki si kipaza sauti cha kukodi. Ukimuuzia bidhaa mbovu, habari zitafika soko la Daraja Mbili kabla ya jioni.

Nchini Uingereza, klabu za ligi kuu zilikubaliana Aprili 2023 kuondoa kampuni hizo kifuani mwa jezi kufikia mwisho wa msimu wa 2025/26. Jezi za watoto zilikuwa zimeondolewa nembo hizo miaka mingi kabla. Sisi hatuhitaji kusubiri sheria. Klabu inaweza kuanza msimu ujao kwa kushona jezi za watoto zisizo na jina la kamari, na mzazi anaweza kukataa kununua nyingine yoyote.