Plagi Haina Kosa: Tujifunze Kusoma Kabla ya Kubadilisha

Mara nyingi litajwapo neno "sayansi", mawazo ya wanafunzi wetu huelekea kwenye chupa za maabara na vitabu vilivyochapishwa nchi za nje. Ni nadra mwanafunzi kufikiri kwamba somo zima la fizikia na kemia linaweza kuwa juu ya benchi la fundi wa vespa, limepakaa masizi, likingoja kutupwa. Katika makala haya napenda kueleza kwa nini naamini kwamba plagi iliyochafuka ni miongoni mwa vifaa bora vya kufundishia, na kwamba desturi yetu ya kuitupa bila ya kuitazama inatupotezea zaidi ya fedha.

Nianze kwa kukiri kosa langu. Baada ya kurudi nyumbani na shahada ya udaktari, vespa yangu ilianza kukohoa na kuzimika njiani. Nilinunua plagi mpya. Ikadumu wiki moja. Ya pili haikufika hata wiki. Nilipoichukua ya tatu kwa fundi mmoja mtu mzima pale Mpendae, hakunituma dukani. Aliigeuza juani, akaipitishia kidole, akainusa, kisha akasema: "Maalim, plagi haina kosa. Kosa liko kwengine." Akafungua kabureta na kunionyesha kwamba choki ilikuwa imekwama kwa kutu, ikiruhusu petroli ya ziada kuingia wakati wote. Miaka mingi nilikuwa nimeandika milinganyo ya mwako ubaoni, lakini sikuweza kuutambua mwako mbaya nilioushika mkononi.

Fundi yule aliona nini? Ili petroli iungue yote, gramu 1 huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa. Kazi ya kabureta ni kuchanganya viwili hivyo kwa kipimo. Petroli ikizidi, sehemu ya kaboni yake hukosa oksijeni na kubaki kuwa masizi. Masizi hayo hutanda juu ya kauri nyeupe inayozunguka elektrodi ya kati. Kauri haipitishi umeme, lakini masizi huupitisha. Kwa hiyo umeme, badala ya kuruka mwanya mdogo usiozidi milimita moja na kutoa cheche, huteremka polepole juu ya masizi hadi kwenye mwili wa plagi na kupotea. Cheche ikikosekana, petroli haiwaki. Plagi hulowa, na hali huzidi kuwa mbaya.

Joto nalo lina sehemu yake. Ncha ya plagi inapaswa kufikia kiasi cha nyuzi 450 za sentigredi ili masizi yaungue yenyewe. Ikipita nyuzi 850 au karibu na hapo, ncha huwasha petroli kabla ya cheche, na pistoni inaweza kutoboka. Ndiyo maana injini nzima kabisa inayotembezwa polepole kila siku, kwa safari fupi fupi, inaweza kuchafua plagi.

Basi kila rangi ina maana yake. Ncha yenye rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni dalili ya mwako mwema. Masizi makavu meusi yaonyesha petroli nyingi, chujio la hewa lililoziba, au plagi isiyopata joto la kutosha. Weusi wenye mafuta yaonyesha oili: katika injini ya mipigo minne, pengine ringi zimekwisha, katika vespa ya mipigo miwili, pengine mwenyewe amezidisha oili kwenye petroli akidhani anaihurumia injini. Kauri nyeupe yenye malengelenge yaonyesha joto kupita kiasi, na mara nyingi petroli kuwa chache.

Hata hivyo, ushahidi unaweza kumdanganya asiyejua kuuliza. Wengi huitoa plagi, huigusisha kwenye chuma cha injini, wakaona cheche, wakasema plagi ni nzima. Friedrich Paschen wa Ujerumani alionyesha mwaka 1889 kwamba umeme unaohitajika kuruka mwanya hutegemea pia kanieneo ya gesi iliyomo. Ndani ya silinda, ambamo gesi imegandamizwa, huhitajika volti nyingi zaidi mara kadhaa kuliko nje. Plagi yenye masizi inaweza kung'aa mbele ya macho yako na kushindwa kazini.

Wanaoshindana kwa magari ya kabureta katika mbio fupi za mita 402 wanalijua jambo jingine. Gari hungoja zamu yake huku injini ikinguruma polepole, na hapo plagi hupata masizi. Kisha hutakiwa kutoa nguvu zote kwa sekunde chache. Dereva akirudi polepole hadi kwa mafundi, plagi itasimulia habari ya kurudi, siyo ya mbio. Kwa hiyo huzima injini ikiwa bado katika nguvu zote, huikata kwa klachi, gari likajiendea lenyewe hadi kusimama, ndipo plagi zikatolewa na kusomwa. Hiyo ni kanuni ya utafiti wowote: chukua kipimo katika hali ile ile unayotaka kuielewa.

Kwetu Afrika Mashariki, mashindano ya Safari yaliyoanza mwaka 1953 yalitoa funzo jingine. Joginder Singh wa Kenya, aliyeshinda mwaka 1965, 1974 na 1976, aliendesha magari ya kabureta. Kabureta iliyopimwa Mombasa hukuta Nairobi, kwenye kimo cha mita 1,700 hivi, kanieneo ya hewa iliyopungua karibu moja ya tano. Hewa imekuwa nyepesi, mchanganyiko umezidi petroli, na hakuna kifaa kilichoharibika. Hapo kubadilisha plagi ni kumwadhibu shahidi.

Kwa hiyo natoa pendekezo kwa walimu wenzangu. Waombeni mafundi wa mtaani plagi ishirini kuukuu. Wanazitupa kila wiki. Kila mwanafunzi aandike kwanza anachokiona tu, bila kutaja sababu. Kisha ataje sababu mbili zinazowezekana, na jaribio moja la kuzitenganisha, akibadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Mwisho, fundi aalikwe darasani kusahihisha. Petroli isiletwe darasani, wala waya wa plagi usishikwe injini ikizunguka.

Wapo watakaosema kwamba injini mpya hazina kabureta, na kwamba kompyuta hutaja kosa lenyewe. Ni kweli kwamba kabureta zinapungua. Lakini kompyuta hutaja dalili. Kazi ya kutafuta sababu bado ni ya binadamu. Kijana aliyezoea kubadilisha kifaa hadi mashine inyamaze atafanya vivyo hivyo kwa mashine za hospitali na pampu za maji, kwa gharama kubwa zaidi.

Mvuvi anayetoka Malindi na mashine ya mipigo miwili huchukua plagi ya akiba. Afanya vyema. Lakini ikiwa kilichoiua ya kwanza hakikuondolewa, ya akiba itakufa vivyo hivyo, naye yuko mbali na nchi kavu. Mtoto wake yumo katika madarasa yetu. Tumfundishe kuisoma ile ya kwanza.