Wekundu Utokao Chini

Msomaji, ukipita katika barabara za Kisiwa cha Mombasa, toka Makupa hata Kizingo, huenda siku moja ukaona gari la kale, labda Peugeot 404 au Volkswagen yenye mgongo wa kobe, limepakwa rangi nyekundu ing'aayo kama peremende iliyolowa. Utasimama ulitazame, kisha utamsifu mwenye gari. Neno langu ni hili: sifa hiyo umempa asiyestahili. Kumtukuza mwenye mali na kumsahau mwenye kazi ni dhuluma tuliyoizoea mpaka tukaidhania kuwa adabu.

Tazama kwanza rangi yenyewe. Sifa ya kuibuni hupewa Joe Bailon, fundi wa California katika Marekani, aliyeitafuta kwa miaka mingi baada ya Vita Kuu ya Pili. Wekundu wake si rangi moja, bali ni tabaka tatu. Chini hupakwa rangi ya fedha au ya dhahabu yenye chembe za madini. Juu yake hupulizwa rangi nyekundu ipenyekayo na nuru, mfano wa kioo cha taa ya nyuma. Mwisho hufuata vanishi isiyo na rangi. Nuru ya jua huupenya wekundu, huifikia fedha, hurudishwa, na huupenya wekundu mara ya pili kabla ya kufika jichoni. Ndiyo sababu gari huonekana kana kwamba lina moto ndani yake. Uzuri huo hautoki juu, watoka chini.

Kwa kuwa rangi hii haifichi kitu, haisamehe kitu. Mkwaruzo wa msasa uliosahauliwa huonekana. Kila mpulizo huongeza giza la wekundu. Mkono ukienda upesi hapa na polepole pale, ubavu wa gari hupata milia kama ya punda. Gari likigongwa, kipande kimoja hakipatanishwi na vingine kwa urahisi, na mara nyingi ubavu mzima hupakwa upya. Zaidi ya hayo, kisiwa chetu kina adui wawili: chumvi ya bahari, ilayo bati usiku na mchana, na unyevu wa hewa, uwezao kuitia rangi ukungu kabla haijakauka. Basi fundi hana budi kung'oa kutu mpaka bati litoke safi, kupaka rangi ya msingi, kusugua kwa msasa mkavu na wa maji, kuosha, kukausha, na kungoja. Kazi hii ya siku nyingi haionekani na mtu. Huonekana tu ikiwa haikufanywa.

Wazee wa Mji wa Kale walilijua jambo hili kabla ya gari la kwanza kufika pwani. Jahazi lilipoegeshwa kupwani, mafundi walilitia kalafati ya pamba katika kila mwanya wa mbao, wakalipaka sifa, yaani mafuta ya papa. Nahodha hakuuliza kwanza kama omo limepambwa vizuri; aliuliza kama kalafati imeshika. Alijua kwamba baharini pambo halizuii maji.

Siku hizi twauliza kinyume. Mteja huleta gari lililooza, hutaka limetemete kabla ya harusi ya Jumamosi, na hukata bei mpaka mfupani. Fundi afanye nini? Hufunika kutu kwa puti, hupuliza wekundu juu yake, na masika mawili hayapiti kabla ya rangi kutoka mabaka. Hapo mteja humwita fundi mwizi, ilhali ni yeye aliyekataa kuununua uaminifu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Lakini kutu si hasara kubwa kuliko zote. Dawa za kugandisha rangi nyingi za kisasa zina kemikali iitwayo isosianeti, nayo ikivutwa kwa pumzi huweza kumtia mtu pumu ya maisha. Kitambaa kilichofungwa puani hakiuzuii mvuke wake. Kinachofaa ni barakoa iletayo hewa safi kutoka mbali, na mahali pa kupulizia penye kupitisha hewa vizuri. Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 humtaka mwajiri ampe mfanyakazi wake kinga ifaayo. Hata hivyo, kijana wa rika lako aweza kusimama ndani ya wingu jekundu na kitambaa usoni, kwa sababu bei tuliyoikubali haikuacha hata senti ya kununulia pumzi yake.

Wako watakaosema, "Kizuri chajiuza, fundi akiwa hodari atalipwa." Nami nauliza: kitajiuzaje kile ambacho mnunuzi hakuzoezwa kukiona? Wengine watasema kwamba kijana maskini na ashukuru kupata kazi. Shukrani ni jambo jema, lakini mapafu hayashoni upya kama kanzu. Na wengine, pengine walimu na wazazi wetu, watasema kwamba kazi ya rangi ni ya walioshindwa masomo. Hao nawaalika wapime wenyewe: kuijua safari ya nuru katika tabaka tatu ni fizikia, kuchanganya rangi na dawa yake kwa kipimo ni kemia, kuutuliza mkono kwa saa nyingi ni tabia njema. Ni somo gani hapo lililoshindwa?

Tangu mwaka 2003 mashindano ya magari ya kale, East African Safari Classic, yameanza Mombasa mara kadhaa, na watu hujipanga kuyashangilia. Washangilie nawe. Lakini siku utakapokuwa na gari, usimwulize fundi kwanza, "Litakwisha lini?" Mwulize, "Chini umefanya nini, na kijana wako anavuta hewa gani?" Kisha mlipe kwa jibu lake.