Handbreki Imegoma, Mama Mkwe Anasubiri

Mwezi huu nakuja kwako nikiwa mpole kidogo. Nimetoka kuaibika, tena mbele ya mama mkwe.

Gari ni la mke wangu. Nikiwa na washikaji naliita letu, lakini kadi ina jina lake na mkopo unakatwa kwenye mshahara wake. Wiki mbili nzima alikuwa ananiambia, "Mume wangu, asubuhi gari linajikokota kuwaka." Mimi najibu ni baridi. Baridi, Dar es Salaam, mwezi wa pili! Mwishowe akachoka, akanitumia laki tano kwenye simu na ujumbe mfupi: nunua betri nzuri, Jumatatu mama ana kliniki ya macho. Miadi hiyo mama aliisubiri miezi mitatu.

Sasa sikia nilichofanya. Nilijiuliza, laki tano yote kwa betri? Nikazunguka mpaka nikapata ya laki mbili na ishirini. Ina volti 12, inaingia kwenye nafasi yake, nini tena? Ile laki mbili na themanini nikamwazima mshikaji wangu aliyekuwa anadaiwa kodi ya nyumba. Mke wangu nitamwambia baadaye. Wenye ndoa mnaijua hiyo "baadaye".

Jumapili jioni nikafungua boneti palepale getini, kwenye kamteremko ketu. Spana namba 10, nikatoa hasi kwanza kisha chanya. Kurudisha, chanya kwanza, hasi mwisho. Hapo nilikuwa sahihi kabisa, naomba nipewe maksi zangu. Nikawasha, likawaka kwa kujivuta. Halafu taa ya handbreki ikaanza kupepesa kwenye dashibodi. Nikabonyeza kitufe cha kuachia. Kimya.

Maana gari lenyewe halina ile handbreki ya kuvuta kwa mkono, lina kitufe tu. BMW 7 Series ya mwaka 2001 ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kuja na mambo hayo, na siku hizi hata magari ya kawaida yanayoshuka bandarini yanayo. Kwenye hili letu kuna vimota viwili, kimoja kila breki ya nyuma. Ukibonyeza, vinazungusha skrubu inayokaza pedi kwenye diski. Ukizima injini, inajikaza yenyewe. Umeme ukiyumba, kompyuta inagoma kuachia, na kwa kweli ni heri igome, maana breki kujiachia yenyewe mteremkoni ni msiba. Ila hayo yote nilikuja kuyajua Jumatatu. Jumapili nilikuwa bado mjuaji, kwa hiyo nikakanyaga mafuta.

Gari likainua pua, matairi ya nyuma yakaburuzika nusu hatua, harufu ya mpira ikajaa uani. Mzee wa nyumba ya nyuma akatoka na kanzu yake. "Kijana, mimi kesho natoka alfajiri." Gari limeziba geti lote. Nikamwambia asijali mzee wangu, muda si mrefu litatoka. Alfajiri aliondoka na bodaboda, na mpaka leo salamu zake ni fupi.

Asubuhi mama mkwe akatoka amejifunga kitenge kipya, faili la hospitali mkononi. Akalitazama gari, akanitazama mimi. "Haina shida baba, tutapanda bajaji." Heri angenitukana. Mke wangu hakusema kitu.

Walipoondoka ndipo nikampigia fundi umeme, yule ambaye ningempigia tangu mwanzo. Alifika mchana, na wakati anaweka mita yake kwenye betri, wenyewe nao wakawa wanashuka kwenye bajaji.

"Bosi, hii inasoma 11.9," akasema. "Iliyojaa inatakiwa ifike kama 12.6. Hii imekaa dukani muda mrefu haijachajiwa. Halafu gari hili si lile linalojizima lenyewe kwenye foleni? Linataka betri ya AGM, siyo hii."

Mke wangu akasogea. "Betri ya laki tano haina umeme?"

Fundi wa watu, atajuaje? "Laki tano? Hii shemeji haizidi laki mbili na nusu."

Mama mkwe akakohoa, akasema anakwenda kuweka maji ya chai.

Nikabaki namwangalia fundi kama vile kazi yake ndiyo kitu muhimu kuliko vyote duniani. Akaunganisha betri yake yenye nguvu, akafungua swichi bila kuwasha injini, akakanyaga breki, akabonyeza na kuvuta kile kitufe mara kadhaa. Nikasikia vimota vinalia huko nyuma, zzzii. Akachomeka mashine yake chini ya usukani, akafuta makosa yaliyojazana kwenye kumbukumbu. Akawasha, akazungusha stelingi kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, taa moja moja zikazimika. Gari likatoka getini kama halikuwahi kugoma. "Siku nyingine bosi, paki tambarare, weka jiwe kwenye tairi, achia handbreki, ndiyo ufungue betri." Si kila gari linafuata hatua hizohizo, alisema, kwa hiyo kitabu chake kisomwe. Kitabu kipo. Kiko kwenye kidroo cha mbele, bado kwenye nailoni yake.

Usiku nilieleza yote, mpaka habari ya kodi ya mshikaji. Nilitegemea ugomvi wa hela. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Huyo rafiki yako ungenieleza tu, ningempa mwenyewe. Lakini umempandisha mama yangu bajaji, macho yake yale, kwa ajili ya siri yako." Nilitafuta cha kujibu, sikukipata. Alilala amegeukia ukutani.

Betri ya AGM nimeshanunua, kwa hela yangu, na risiti nimeibandika kwenye friji bila kuombwa. Mshikaji amerudisha nusu. Mwezi huu mama ana kliniki tena, na mke wangu ndiye anayeendesha. Mimi nimeambiwa nitakaa nyuma.