Muhuri uko Nairobi, sisi tuko Kericho

Vijana wenzetu, mashine za kuchuma chai zimekula kazi za mama zetu, na wengi wa Kericho na Bomet sasa wanatafuta riziki Dubai na Doha. Sawa. Lakini cheti chako hakikubaliki huko hivi hivi. Kinataka muhuri wa Wizara ya Mambo ya Nje kule Nairobi, halafu ubalozi wa nchi unayokwenda. Kutoka Kericho ni zaidi ya kilomita 250: nauli, pa kulala, na ukiambiwa "rudi kesho" unaanza hesabu upya. Hapo ndipo dalali anapojitokeza, eti umpe cheti akumalizie. Akikupigia muhuri feki, atakayeshikwa ni wewe, si yeye.

Na tusiambiwe tunaomba hisani! Katiba ya 2010, Ibara ya 6(3), inataka taasisi za serikali kuu zifikishe huduma sehemu zote za nchi, kadiri aina ya huduma inavyoruhusu. Muhuri una ugumu gani? Kitambulisho kikipotea si tunaomba kingine Huduma Centre? Basi vyeti vipokelewe hapo hapo, viende Nairobi kwa gharama ya serikali, virudi vimepigwa muhuri. Mbunge wako atakuja kuomba kura 2027. Muulize hili kabla hajashika maikrofoni.