Orodha ya Mwaka wa Hamsini

Imezuka desturi miongoni mwa wenzetu wa makamo, na sasa imeingia hata katika baraza za washairi: mtu akikaribia kutimiza miaka hamsini, huketi na kalamu akaandika orodha ya mambo atakayoyatimiza katika mwaka huo. Nimeonyeshwa orodha kadhaa, maana waliozaliwa katikati ya miaka ya sabini zamu yao imefika. Zinafanana kama shilingi kwa ya pili. Kupanda Mlima Kilimanjaro mpaka kileleni, mita 5,895. Kukimbia mbio za kilomita 42. Kupunguza kilo kumi. Kuiona Istanbul. Na ikiwa mwenyewe ni mtu wa tungo, huongeza: kutunga mashairi hamsini kabla ya mwaka kwisha, moja kwa kila mwaka wa umri wake.

Naandika kuipinga desturi hii. Siipingi kwa kuwa imetoka ng'ambo; hati tulizoziandikia tenzi kwa karne nyingi zilitoka ng'ambo, na kahawa ya barazani vilevile. Wala sina ugomvi na atakaye kupima sukari na presha yake, au kutembea jioni pwani badala ya kukaa. Hayo ni wajibu wa mwili, hayahitaji siku ya kuzaliwa. Naipinga kwa sababu inamshughulisha mtu na nafsi yake katika mwaka uleule ambao watu wengine wana haki kubwa zaidi ya kumdai.

Kwanza hesabu yenyewe. Hamsini ya nani? Aliyetimiza miaka hamsini kwa kalenda ya miladi amekwisha pita hamsini ya hijria mwaka na nusu nyuma, bila keki wala mlima. Wazee wetu waliokuwa wakipanda na kusafiri kwa mwaka wa nairuzi, ule unaofunguliwa Makunduchi kwa Mwaka Kogwa, walihesabu kwa miongo, na mwongo mmoja ulikuwa siku kumi. Ulikuwa kipimo cha kazi: mwongo huu panda, mwongo huu usitoke baharini. Leo tumeuvuta mwongo ukawa miaka kumi, na neno hilohilo, kwa maskhara ya lugha yetu, ndilo jina la mtu asemaye uongo. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, hakuweza kuitaja tarehe yake ya kuzaliwa, na hilo halikumzuia kupanda jukwaani katika umri ambao wengi wetu hatutaufikia.

Lakini tuseme hesabu ni halali. Mwenye kuitetea orodha ataniambia kwamba bila kupanga hakuna kufika, na kwamba mtu aliyejisomea mwenyewe, asiye na mwalimu wa kumsahihisha wala mkuu wa kumwita ofisini, msimamizi wake pekee ni daftari. Hoja hii naiheshimu, kwa kuwa mimi ni mmoja wa watu hao. Kiingereza nilichonacho nilikipata kwa kuandika maneno kumi kila usiku kutoka katika kamusi iliyokuwa haina jalada. Daftari lilinifaa. Lakini maneno yale kumi yalikuwa na mdai: kulikuwa na kitabu mbele yangu kisichokubali kufasirika mpaka niyajue. Orodha ya hamsini haina mdai. Mwenye deni ni yeye, mwenye kudai ni yeye, na shahidi ni yeye. Mwezi wa kumi ukifika na mlima haujapandwa, anajisamehe, kisha anaandika nyingine ya hamsini na moja. Hapo amepoteza nini? Mwaka tu, na mwaka ndio ambao hakuwa nao wa kupoteza.

Pwani hii ina namna yake ya kuorodhesha mambo mtu anapouona mwisho wa njia, nayo ni wasia. Wasia huanza na madeni na amana: fulani ananidai kadha, kitu fulani si changu, kirudishwe kwa mwenyewe. Mwana Kupona, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alipokuwa mgonjwa mwaka 1858 alitunga utendi wake, na ukiutazama umbo lake ni orodha: fanya hili, lichunge lile. Lakini hakujiandikia yeye. Alimwandikia binti yake, na ndiyo sababu tunao mpaka leo. Wanawake waliunakili na kuukariri kwa kuwa ulikuwa umeelekezwa kwa mtu. Mtu anaweza kutokubaliana na mengi aliyoyausia kuhusu mke na mume, nami ni mmoja wao. Hata hivyo angejiandikia malengo yake mwenyewe, nani angeyahifadhi?

Mtazame tena Shaaban Robert. Alizaliwa mwaka 1909, akafariki mwaka 1962. Kitabu cha maisha yake kinaitwa Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Naomba msomaji aliangalie neno moja tu katika jina hilo: baada. Orodha za leo zote zimeandikwa kwa neno kabla. Kabla sijafika hamsini niwe nimepanda, niwe nimeona, niwe nimechapisha. Ni lugha ya mtu anayekimbizwa na mlango unaofungwa. Shaaban Robert aliiona hamsini kama kizingiti cha kuvuka, na upande wa pili alikuwa na miaka mitatu na miezi kadhaa tu. Mwenyewe hakujua kama ni mitatu au thelathini. Aliitumia kuandika.

Yuko pia mfano ulio karibu zaidi na hoja yangu. Ahmed Sheikh Nabhany, mwana wa Lamu, aliyezaliwa mwaka 1927 na kufariki mwaka 2017, alichapisha Sambo ya Kiwandeo mwaka 1979. Alikuwa ameipita hamsini kwa mwaka mmoja au miwili. Na kitabu hicho ni nini, ikiwa si orodha? Ni utendi wa chombo cha baharini, unaotaja sehemu zake na kazi ya kukiunda, ili maneno ya mafundi yasizikwe pamoja na mafundi. Hii ndiyo orodha ya hamsini ninayoweza kuiheshimu. Jina la mtungaji limo juu ya jalada. Ndani yamejaa majina ya vitu vya watu wengine. Wengi wanamkumbuka Nabhany kwa neno runinga, nao wanampunja.

Nasema haya kwa sababu kuna jambo ambalo mtu wa hamsini anaweza kulifanya na kijana wa ishirini hawezi. Sisi ndio wa mwisho tuliokaa miguuni pa watu waliozaliwa kabla ya vita vya pili vya dunia. Tulizisikia tungo zao kwa sauti zao. Tunajua nani alikuwa akijibizana na nani katika shairi fulani la fumbo, na fumbo lilikuwa juu ya kiwanja au juu ya mwanamke. Kijana atalisoma shairi hilo akadhani ni la samaki. Maarifa hayo hayako katika maktaba, yako katika vichwa vyetu, na katika vichwa vya wazee wachache wanaosahau kila uchao. Muyaka bin Haji alifariki Mombasa mwaka 1840. Diwani yake ilichapishwa na Hichens mwaka 1940, miaka mia moja kamili baadaye, na iliwezekana kwa kuwa katikati yao alikuwapo Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyezikusanya tungo zile na kumpatia Mwingereza W. E. Taylor pamoja na maelezo yake. Ondoa mtu huyo mmoja, Muyaka anabaki jina.

Sasa kuhusu mashairi hamsini kwa mwaka. Mshairi wa pwani huhesabu mizani, hahesabu mashairi. Mizani kumi na sita katika mshororo humlazimisha kutafuta neno. Idadi ya hamsini humlazimisha kulikubali neno la kwanza lililokuja. Nimezisoma baadhi ya tungo zilizozaliwa kwa ahadi za namna hii, na vina vyake vimekaa sawasawa, ndani hamna mtu. Haji Gora Haji, mvuvi na baharia wa Tumbatu, alizaliwa mwaka 1933, na diwani yake Kimbunga ilitoka mwaka 1994. Alikuwa na miaka sitini na moja. Kama angejiwekea hamsini kuwa mpaka, angejihesabu kuwa aliyeshindwa miaka kumi na moja kabla ya kitabu hicho kutufikia.

Basi anayetaka kuandika orodha katika mwaka wake wa hamsini, na aandike. Aandike majina ya watu walio hai, wenye umri wa miaka sabini na kuendelea, anaojua kwamba wana tungo, visa au maneno ya ufundi ambayo hayajaandikwa. Mbele ya kila jina aweke kijiji, na ugonjwa kama upo, ili ajue aanze wapi. Wanaougua watangulie. Aende na daftari na kinasa sauti, na simu ya mkononi inatosha siku hizi. Mafasiri nao waandike vitabu walivyoviahidi wasomaji wakavitelekeza katika sura ya tatu.

Mimi nina majina kumi na tisa. Wa kwanza ni fundi wa majahazi, mwenye miaka themanini na mbili, macho yamemtoka lakini mikono inakumbuka. Tumemaliza mkuku na mataruma, tumemaliza foromali, demani na hamarawi. Jumamosi tunaingia katika kalafati, naye ameniagiza nije mapema, kwa kuwa alasiri huchoka.